Dawa Zilirudi, Mtu Hakurudi: Somo la Bajeti Kutoka Igowole

Igowole hakuna anayesema "mhudumu wa afya ngazi ya jamii". Neno lenyewe refu mno. Watu wanasema "wa serikali" na "wa mradi", basi. Nesi wa zahanati ni wa serikali: ana sare, ana cheki namba, ana mshahara mwisho wa mwezi. Yule mama anayekuja nyumbani kwako na daftari na mwavuli, akakaa jikoni kwenye kigoda na kukuuliza umelalaje, huyo ni wa mradi. Mwaka 2025 wa serikali alibaki. Wa mradi akatoweka.

Nilikwenda huko kwa fildi ya wiki nane, Julai na Agosti, kuangalia vikundi vya kuweka na kukopa. Vikundi niliviangalia na ripoti niliandika. Lakini kila kikao nilichokaa, baada ya hesabu za hisa, mazungumzo yalihamia huko huko: fulani haonekani siku hizi, fulani kaacha dawa, fulani anasema maneno mabaya usiku, na yule aliyekuwa anakwenda kumwona haji tena. Nikaona nijifunze jambo hili limetokeaje, maana ukilielewa la Igowole utaweza kusoma bajeti ya huduma yoyote ya jamii hapa nchini. Walio Ustawi wa Jamii na Sosholojia hili ni lao moja kwa moja. Walio Elimu wasiruke kurasa, miaka miwili ijayo watakuwa walimu wa darasa huko huko.

Kwanza mahali penyewe. Ukitoka Mafinga kwa barabara kuu ya kwenda Mbeya unafika Nyololo, hapo unaacha lami kuu na kuingia kushoto kuelekea Igowole, Kibao na Mtwango. Ni Mufindi ya chai, mbao na viazi. Julai ukungu unashuka mpaka saa nne asubuhi na kila mtu anavaa koti. Ni nchi ya kazi za msimu: watu wanakuja kuchuma chai na kupasua mbao, wanakaa, wanaondoka, wengine wanaacha familia Njombe au Makete. Mwendo huo wa watu, pamoja na barabara kuu ya malori, ni sehemu ya sababu za VVU kukaa sana Nyanda za Juu Kusini. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022/2023 ulikuta maambukizi kwa watu wa miaka 15 na kuendelea ni asilimia 4.4 kwa nchi nzima. Njombe ilikuwa asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Yaani ukisimama gulioni Igowole, jambo hili si la "watu fulani".

Kwa sababu hiyo fedha za Ukimwi zilikuja kwa wingi, kubwa kuliko zote ikiwa ya mpango wa Marekani uitwao PEPFAR, ulioanza mwaka 2003. Upande wa Iringa fedha hizo zilipita USAID na miradi yake. Upande wa Mbeya zilipita Wizara ya Ulinzi ya Marekani, kupitia taasisi ya utafiti ya jeshi lao, Walter Reed. (Ukimweleza mchuma chai kwamba ushauri nasaha wa binamu yake wa Mbeya unalipiwa kupitia jeshi la nchi nyingine, anacheka, halafu ananyamaza.)

Na humo ndani ya fedha za Ukimwi ndimo huduma ya akili ilimopanda lifti. Hapa naomba tuelewane vizuri. Hakuna mtu aliyeandika popote kwamba Igowole kuna "huduma ya dharura ya afya ya akili". Waliandika "ufuasi wa dawa", "ushauri nasaha", "msaada wa kisaikolojia kwa WAVIU", "ufuatiliaji wa waliopotea kwenye tiba". Lakini aliyekuwa anafuatilia waliopotea ndiye aliyefika kwanza kwa mtu aliyekata tamaa. Mtu haachi dawa hivi hivi. Mara nyingi anaacha kwa sababu ya sonona, au pombe, au kaachwa, au kachoka kuishi. Ukimfuata kwa ajili ya dawa, unayakuta hayo mengine yote yamekaa sebuleni.

Sasa, tukisikia "huduma ya dharura" tunafikiria gari lenye king'ora au namba ya simu ya usiku kucha kama ilivyo Uingereza. Igowole dharura ya akili ilikuwa na umbo jingine: mtu unayemjua, anayefika siku hiyo hiyo. Mama mmoja aliyefanya kazi hiyo miaka kadhaa alinieleza anachofanya akifika, na nilipolinganisha na miongozo ya Shirika la Afya Duniani nikaona hawapishani. Anamuuliza mhusika waziwazi kama anafikiria kujiua. Wengi wetu tunaogopa swali hilo, tunadhani litampandikizia wazo. Haliko hivyo, na miongozo inasema wazi kwamba kuuliza hakuleti wazo, tena humpunguzia mtu mzigo. Kisha hamwachi peke yake. Anatafuta ndugu mmoja wa kukaa naye, si ukoo mzima. Anamsindikiza kituoni, hamwambii tu "nenda". Na siku ya tatu anarudi, kwa sababu siku ya kwanza majirani huwa wengi, ya tatu hawapo.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 727,000 walijiua duniani mwaka 2021, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 kujiua ni sababu ya tatu ya vifo. Hao ni sisi, ndugu msomaji. Ni umri wa chuo.

Tuje kwenye tarehe. Januari 20, 2025, siku aliyoapishwa, Rais Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ikaguliwe. Januari 24 amri ya kusimamisha kazi ikaenda kwa miradi. Si "punguzeni", ni "simameni". Januari 28 ikatolewa ruhusa ya pekee kwa huduma za kuokoa maisha, na mwanzoni mwa Februari ikafafanuliwa kwa PEPFAR: tiba ya VVU iendelee, kinga ya mama kwa mtoto iendelee, ila kazi nyingi za kinga zisimame. Machi 10 Waziri wa Mambo ya Nje Marco Rubio akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa. Julai 1 USAID yenyewe ikafungwa rasmi, kazi zilizobaki zikahamishiwa wizarani kwake. Na si Marekani peke yake: Februari ya mwaka huo huo Uingereza ilitangaza kushusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato lake la taifa hadi 0.3 ifikapo mwaka 2027.

Rudi kwenye yale maneno, "kuokoa maisha". Kidonge kinaokoa maisha, hilo halina ubishi. Mtihani ni huu: mtu anayemfanya mwenzake akubali kumeza kidonge, je, anaokoa maisha? Na anayekaa na binti mpaka giza liingie ili asijidhuru? Kwenye karatasi zile, kidonge kina jina, kina idadi, kina kopo. Kukaa na mtu hakuna kopo. Ndiyo maana lilipofunguliwa tena, lango lilikuwa la upana wa kopo.

Mama yule alinieleza kwa sentensi fupi kuliko yangu zote: "Mwanangu, dawa zilirudi. Mimi sikurudi."

Nilimuuliza alijuaje kazi imesimama. Akasema kwa ujumbe wa simu, wakati yuko njiani kwa bodaboda kwenda kwa mtu. Alifika, maana nauli alishalipa. Baada ya hapo aliendelea kutembea kwa miguu kama miezi miwili bila posho, akienda karibu karibu tu. Kisha ikabidi arudi kuchuma chai. Ana watoto.

Katika miezi ile miwili, binti mmoja alipewa majibu yake kliniki ya wajawazito. Nesi alikuwa mmoja na foleni nyuma yake ndefu, akamweleza vizuri, akampa dawa, akampa tarehe ya kurudi. Nesi alifanya kazi yake, na mama mwenyewe anasema hivyo. Zamani, binti akitoka pale mlangoni angekuta mtu wa kutembea naye mpaka nyumbani. Safari hii alitoka peke yake. Siku ya nne jirani akamwambia mama yule kwamba mlango wa binti haufunguliwi. Akaenda. Akamkuta ndani na mtoto wake wa kwanza, hajala siku mbili, anazungumza kuhusu nani atamlea mtoto. Akakaa naye mpaka jioni, akampigia shangazi yake aliyeko kijiji cha pili, akalala hapo hapo. Binti yupo, amejifungua, namjua kwa sura maana alikuja kwenye kikundi kimoja nilichokuwa nakihudhuria.

Mama alimaliza kusimulia, akachochea moto, halafu akaniuliza: "Na wale ambao jirani hakuniambia?"

Sikuwa na jibu, na hata leo sina. Nilichoweza kufanya ni kwenda kusoma kwa nini yeye alikuwa wa kwanza kukatwa. Hapa ndipo somo lilipo.

Bajeti ya serikali yetu, kwa lugha rahisi, ina mafungu matatu makubwa: mishahara, matumizi mengineyo, na miradi ya maendeleo. Mtu aliye kwenye mishahara yuko kwenye ikama. Kumtoa ni shughuli, kuna sheria, kuna chama cha wafanyakazi, kuna haki zake. Aliye kwenye matumizi mengineyo anaweza kukosa karatasi na mafuta ya gari lakini ofisi haifi. Aliye kwenye mradi anaishi kwa mkataba wa mradi. Na kuna wa nne, ambaye haonekani kwenye kitabu cha bajeti cha halmashauri kabisa: fedha inatoka kwa mfadhili kwenda shirika, kutoka shirika kwenda asasi ndogo, kutoka asasi kwenda kwake kama posho ya kujitolea. Huyo ndiye mama yetu. Hakuachishwa kazi kwa sababu kisheria hakuwa na kazi. Ndiyo maana hapakuwa na kikao, hapakuwa na barua, na diwani alisikia kama wengine walivyosikia. Fedha isiyopita kwenye baraza la madiwani haiwezi kulalamikiwa kwenye baraza la madiwani.

Wakati nasoma nikagundua kwamba tulishapita njia hii. Kwa miaka mingi tiba ya akili nchini ilikuwa na maana ya kupelekwa mbali: Mirembe, Dodoma, iliyojengwa mwaka 1927, au Lutindi kule Korogwe, ambako wamisionari walipokea wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Miaka ya 1980 ikaja programu ya taifa ya afya ya akili, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na Denmark kupitia DANIDA, ikaanza kwa majaribio Morogoro na Kilimanjaro. Wazo lilikuwa zuri, tena mbele ya wakati wake: mfundishe mhudumu wa zahanati atambue kifafa, sonona na ugonjwa mkubwa wa akili, mpe dawa chache, mtembelee kumsimamia. Wafadhili walipomaliza muda wao, uchumi wetu ukiwa taabani, kuendeleza kasi ile kwa fedha za ndani kukawa kugumu.

Lakini si yote yalikufa. Ile kanuni kwamba afya ya akili ni kazi ya zahanati na si ya Mirembe peke yake iliingia kwenye sera na imebaki. Waratibu wa afya ya akili wa mikoa na wilaya wapo. Wauguzi waliosomea afya ya akili wapo, ingawa ni wachache. Ukitazama vizuri kilichobaki ni kipi, utaona ni kile kilichopata kiti kwenye ikama. Kilichokuwa kinategemea gari la mradi kiliondoka na gari.

Zimbabwe wana mfano mwingine ambao wengi wenu mmeusikia kwenye kozi za saikolojia: Benchi la Urafiki, Friendship Bench, lililoanzishwa Harare mwaka 2006 na daktari wa akili Dixon Chibanda. Bibi anakaa kwenye benchi nje ya kliniki, anamsikiliza mtu, wanachagua tatizo moja na kulitafutia hatua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la JAMA ulionyesha waliokaa kwenye benchi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo limefika hadi Zanzibar. Tunapolisimulia darasani tunasifia busara za bibi, na ni sawa. Jambo tunaloliruka ni kwamba wale bibi wa mwanzo walikuwa tayari wahudumu wa afya wa Jiji la Harare. Hawakutoka hewani. Jiji lilikuwa linawajua.

Kwetu nafasi ya namna hiyo ipo. Januari 31, 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wafundishwe 137,294 kwa miaka 5. Kama kuna mlango wa kumrudisha mama yetu, ni huo, mradi tu kumtembelea mtu aliyekata tamaa kuandikwe kwenye orodha ya kazi zake, na fomu yake ya mwezi iwe na safu ya kujaza hilo. Msicheke. Kisichokuwa na safu kwenye fomu hakina fungu kwenye bajeti ya mwaka unaofuata. Fedha za ndani nazo zinatafutwa: bajeti ya 2025/26 ilikuja na tozo mpya kwa ajili ya Mfuko wa Udhamini wa Ukimwi na Bima ya Afya kwa Wote. Mimi hofu yangu ni kwamba fedha hiyo nayo itaingia kwa lango la upana wa kopo. Itanunua dawa kwanza, na ni haki, lakini ikiishia hapo tutakuwa tumebadilisha mlipaji tu.

Kuna kikwazo kingine ambacho si cha fedha, nacho ni cha rafiki zetu wa Sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Hata pale ambapo hakuna anayeshtakiwa, kifungu kinafanya kazi yake vijijini: familia inaficha, inasema ameanguka, inasema tumbo, na anayefika kituoni anatibiwa tumbo. Huduma ya dharura ikiwepo, kuna mtu wa kuaminika wa kuambiwa ukweli. Ikiondoka, inabaki hofu ya polisi peke yake. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, na Januari 9, 2025 Mahakama Kuu yao ilitamka kwamba kinapingana na Katiba. Siku 11 kabla ya ile amri ya Washington, kwa hiyo wachache waliiona habari hiyo. Ningependa kuona mdahalo wa kifungu cha 217 hapa chuoni kabla ya muhula kwisha, ukumbi uko wazi Ijumaa nyingi.

Kwa anayerudi kijijini likizo: mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa hapo. Nenda. Uliza wahudumu wa jamii wa kijiji ni wangapi, nani anawalipa, na mkataba wao unaisha lini. Maswali matatu tu. Niliyauliza kwenye kijiji kimoja kule na mwenyekiti, mzee mstaarabu sana, alisema hakuna aliyewahi kuyauliza, akayaandika.

Na hapa chuoni nako kuna wa serikali na wa mradi. Bumu linachelewa, supu mbili, mtu anajua akifeli tena anadisko na nyumbani waliuza shamba la miti ili aje. Mshauri wa wanafunzi ni mmoja, anaondoka ofisini saa tisa na nusu. Anayekuwepo saa saba usiku ni wewe wa kitanda cha juu. Kwa hiyo yachukue yale ya mama wa Igowole kama yalivyo. Muulize mwenzako waziwazi, kwa neno lenyewe. Usimwache peke yake, hata kwenda bafuni mfuate. Tafuta mtu mmoja anayempenda, mpigie simu, si kundi la darasa kwenye WhatsApp. Mwamshe mlezi wa bweni, atakasirika kisha atawahi. Nendeni naye hospitali usiku huo huo, dirisha la dharura, mkaseme ukweli na si tumbo. Kama ni mdogo wako wa sekondari nyumbani, namba ya watoto ni 116 na haina malipo. Siku ya tatu, wengine wakishasahau, rudi umuulize amelalaje.